Kivuli cha mbwa kimeniletea waombolezaji

Leo nimeliliwa nikiwa hai, na chai ya waombolezaji nimeipika mwenyewe.

Mbwa wangu wawili, Askofu na Polisi, wanashinda uani, na jua la huku kwetu Sikuda halina huruma. Asubuhi nikasema wacha niwatengenezee kivuli.

Nikasimamisha miti minne, nikafunga juu lile turubai lililobaki tulipomzika mama watoto.

Kazi ikanichosha. Nikajilaza hapo chini, katikati ya mbwa.

Sasa mnajua kwetu turubai likionekana uani watu wanaelewa nini.

Nikaamshwa na nduru langoni. Jirani yangu Mama Nekesa, kuni za matanga kichwani: "Uuwi, Baba Wandera, umetuachia nani?"

Nikainua kichwa. "Nimewaachia Askofu."

Kuni zikamponyoka. Nyuma yake akina mama wa kanisa, huyu na sukari, yule na unga, wote wakanikodolea macho. Hata mbwa waliona haya.

"Mzee, wewe ni mtu mbaya," akasema Mama Nekesa, huku anacheka na kufuta machozi.

Basi wakakaa. Tukanywa chai kwa sukari yao. Wakaimba hata wimbo mmoja, maana walishaupanga njiani.

Tangu yale mazishi uani kwangu hapajajaa hivyo.

Jioni wakaenda, kila mtu kwake.

Turubai silishushi. Mbwa wamelipenda.

Nanyi watoto wangu mnaosoma haya mkiwa Tororo na Nairobi, hebu niambieni: mtu akiwa bado hai, asimamishe nini uani ndio mje?