Madoa ya Mama Miche

Utu uzima wake wote, Dobi alilipwa kuondoa madoa. Shuka za hospitali zilimfikia na damu, dawa na chai iliyomwagika, naye akazirudisha nyeupe kana kwamba hakuna aliyewahi kuzilalia akiugua. Watu walimwita kwa kazi yake mpaka jina likafifia, na hata alipostaafu aliitikia hilohilo.

Mkewe walimwita Mama Miche. Mungu hakuwajalia mtoto, ila miche ilimwotea mwanamke yule mikononi. Aliipanda kwenye makopo nyuma ya nyumba, akaigawa kwa kila aliyepita mwenye nafasi ya kupanda. Mume anafua, mke anajichafua: huo ndio ulikuwa utani wao, na ulidumu mpaka mvua zilizopita, mke alipofariki.

Aliacha chumba kizima cha vitabu vya bustani. Alivinunua vikuukuu, kimoja kimoja: vya mboga, vya maua, vya miti ya matunda, vya wadudu, vya mbolea. Dobi hakuwa amesoma hata kimoja. Yeye alikaa sebuleni na redio, mke akakaa chumbani na vitabu, na katikati yao mlango ulikuwa wazi. Sasa redio ilisema peke yake na mlango alikuwa akiufunga, maana chumba kile kilimtazama.

Kisha mkutubi wa chuo cha kilimo akaleta habari. Chuo kingevipokea vitabu vyote na kuviweka kwenye rafu moja yenye jina la marehemu, mradi vipangwe, viorodheshwe, na viwe safi. Jina! Mwanamke aliyekufa bila mtoto wa kumwita mama angetajwa kila siku na vijana wa watu. Na neno lile, safi, lilimwingia Dobi kama wito wa kazini.

Akaanza. Alipanga kwa njia pekee aliyoijua. Kule hospitali kila wodi ilikuwa na uzi wake kwenye pindo la shuka, basi na vitabu navyo vikapata wodi. Vya miche alivitia uzi wa bluu, wa wodi ya watoto. Vya magonjwa ya mimea, uzi mwekundu wa upasuaji. Vya mbolea vilimtatiza. Mwishowe akavipa uzi wa kahawia wa jikoni, akacheka peke yake, kisha akanyamaza kwa kuwa hapakuwa na wa kucheka naye. Kila kitabu alikiandikia kadi: jina, mwandishi, wodi. Ila kabla ya kadi, alisafisha. Hakutumia tone la maji. Alipiga brashi kavu, akasugua kwa nyama ya mkate, ule ulaini wa ndani, akamalizia kwa ufutio, ukurasa kwa ukurasa, mpaka udongo wote ukaisha. Alikuwa amefika nusu ya chumba, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa akilala usingizi.

"Hodi humu! Shemeji, uko hai, au na wewe umeshatiwa uzi?"

Alikuwa jirani wa ukuta wa pili, shoga wa marehemu, mwanamke asiyekosa neno.

"Karibu, shemeji. Angalia usiikanyage wodi ya watoto."

"Makubwa! Haya, mimi nimeleta wagonjwa. Pilipili zangu zimekunja majani kama zimeona haya. Mwenzio alikuwa na dawa yake, tukaichanganya hapahapa uani. Aliitoa kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Kile kipana, cha kijani, kimekatika pembe. Ukurasa wake hauna kazi kuupata, una dole gumba lake, udongo mtupu. Si unamjua? Hakuwa akisoma kwa macho yule, alisoma kwa dole. Penye maneno ya kumfaa, anapiga muhuri."

Dobi alikitoa kitabu mahali pake, kwenye uzi mwekundu. Akafunua. Akafunua tena. Kurasa zilikuwa nyeupe, moja baada ya nyingine, nyeupe kama shuka.

Jirani alichungulia juu ya bega lake.

"Shemeji," alisema polepole, "umekifua?"

"Kilikuwa kichafu."

Jirani alimgusa bega, akaondoka na pilipili zake.

Dobi aliuendea upande wa chumba ambao hakuwa ameugusa, akavuta kitabu chochote. Dole lilikuwepo, kando ya mchoro wa kupandikiza mlimau, jekundu la udongo, na katikati yake mstari mweupe wa kovu la kisu ambalo mkewe alikuwa nalo kidoleni. Akainua kidole chake kulipapasa, akakirudisha haraka. Mkono wa dobi hauaminiki.

Akampigia mkutubi simu, akaomba vilivyobaki vipokelewe na alama zake.

"Mzee wangu, nimesema viwe safi. Udongo unaleta wadudu."

"Lakini ni vitabu vya udongo, mwanangu."

"Utaratibu ndio huo. Vichafu hatupokei, wala nusu hatuchukui."

Chuo cha kilimo, na kinaogopa udongo! Ndivyo tulivyo: tunataka elimu iliyonawa mikono, kisha tunashangaa kwamba haioti.

"Na rafu?" Dobi aliuliza.

"Bila vitabu, rafu ya nini, mzee?"

Alilitazama tena lile dole kitabuni. "Basi," akasema, "msiliandike jina."

Alipoiweka simu chini, nyumba ilikuwa tupu kuliko siku ya matanga. Kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amemnyima mkewe mahali pa kutajwa.

Jioni sauti ilivuka ukuta.

"Shemeji! Dawa umeiona?"

"Bado. Nimeanza ukurasa wa kwanza."

"Kitabu chote hicho?"

"Nifanyeje? Alama nimezifuta mwenyewe."

"Basi soma kwa sauti, na mimi nisikie."

Dobi akavuta kiti uani, akakifungua kile kipana cha kijani, akasoma kwa kujikwaa namna ya kuchimba shimo na kuacha udongo upumue. Hakujua kama jirani bado yupo upande wa pili. Aliendelea kusoma.