Siku Tuliyolinda Lango la Magharibi

Mwaka ule vijana wa kijiji chetu cha Itiryo walikuwa karibu wote kwenye machimbo ya Nyamongo. Kanisani Jumapili, mabenchi ya nyuma walikozoea kukaa yalibaki matupu. Waliorudi, wengine walikuja na redio kubwa na baiskeli mpya, wengine na kikohozi. Kaka yangu alirudi amelala nyuma ya gari la mizigo, juu ya magunia, mguu umefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Baba alipoliona gari lile linaingia uani alisimama, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kikurya, alikuwa hajasema na kaka tangu alipokwenda kuchimba dhahabu. Kaka ndiye mzaliwa wa kwanza, na ng'ombe walimjua kuliko walivyomjua Tata mwenyewe. Asubuhi moja aliwapeleka malishoni kama kawaida, akawaacha huko, akashika njia ya Nyamongo. Jirani ndiye aliyetuletea ng'ombe wetu, baada ya kuwatoa kwenye mahindi yake, na ndiye aliyetuletea habari. Tata alimwomba radhi mbele ya watu. Mahindi yalisahaulika. Kilichomkaa rohoni ni kwamba hakuagwa. "Angeniambia," alimwambia mama. "Angeniambia tu."

Basi kaka akawa amerudi, na nyumba ikawa nzito. Hakuweza kwenda popote na mguu ule. Tata naye hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa ni nyumba yake. Mazungumzo yao yalipita kwa mama.

"Mwambie mwanao mguu huo asiuanike juani," Tata angesema, na kaka amekaa hatua chache tu kutoka kwake.

"Amesikia," mama angejibu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo. Nilipika, nilichota maji, nilichuma kahawa ilipoiva, na nilijifunza kupita katikati ya wanaume wawili bila kumtazama hata mmoja. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hausaidii.

Ndipo akaja binamu yangu, mtoto wa shangazi aliyeolewa upande wa Kenya. Alikuwa anasoma chuo kikuu Nairobi, wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa. Shangazi alichoka kumwona amelala mchana kutwa, akamvusha mpaka wa Sirari aje atusaidie kupalilia. Kupalilia hakukumpendeza. Ila ndani ya begi lake alikuwa na kitabu cha fotokopi kilichochakaa, na kifuko cha dadu ambazo sikuwahi kuona mfano wake: nyingine za pande nne, nyingine za pande nane, na moja ya pande ishirini, nyekundu, aliyoitunza kama yai.

"Ni mchezo," alituambia mimi na kaka. "Hakuna ubao. Mimi nawasimulia mko wapi na mnaona nini, nyinyi mnaniambia mnafanya nini. Likiwa jambo la hatari, dadu inaamua."

"Na mshindi ni nani?" kaka akauliza.

"Hakuna mshindi. Mnaishi ama mnakufa, hadithi inaendelea. Haya, mnataka kuwa nani?"

Kaka akawa shujaa wa shoka na ngao. Mimi nikawa mpelelezi, mwepesi wa miguu, fundi wa kufungua kufuli. Tulicheza Jumapili baada ya kanisa, na siku za mvua, kwenye baraza, tumezunguka ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa chini. Punje za mahindi zilikuwa raia, maharage askari, vizibo vya soda majitu. Binamu alisimulia vizuri. Kiswahili chake cha Kenya kilitufanya tucheke mwanzoni, lakini alipotuingiza kwenye msitu wenye ukungu unaozungumza, hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza tangu kaka aletwe, nilimsikia akipaza sauti kwa furaha.

Tata alikaa pembeni na redio yake. Sasa najua hakuwa akiisikiliza redio ile, kwa sababu Jumapili moja, tukiwa tunapanga jinsi ya kulinda kijiji fulani, alisema bila kugeuka, "Mmesahau nyuma. Mtu akitaka ng'ombe wako haji kwa mlango wa mbele."

Binamu akasema, "Mjomba, ingia basi utusaidie."

"Mimi mzee nicheze na vizibo?"

"Unaweza kuwa mtu yeyote unayetaka."

Tata alizima redio. "Sitaki kupigana," akasema. "Nifanye tabibu. Kijana. Mwenye meno yote."

Mama, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, alicheka hadi akajishika ubavu.

Kwa hiyo Tata akaingia. Aliichukua kazi yake kwa uzito: kila baada ya mapigano alipita kwa kila punje ya mahindi akiuliza kama imeumia. Mimi alinitibu kwa jina langu la mchezoni. Kaka, Tata alimwita "yule mwenye shoka", na alimtibu kwa kumwambia binamu, "Mwambie yule mwenye shoka nimempaka dawa." Hata kule ndani ya hadithi alihitaji mtu wa kupitisha maneno.

Vita ninavyotaka kuvieleza vilikuja mvua za masika zilipokuwa zimekolea. Tulikuwa tumefika kwenye mji mmoja ulio juu ya korongo. Upande wa magharibi palikuwa na lango jembamba la mawe, na upande wa pili daraja la kamba lililokuwa njia pekee ya kutokea. Majitu yalikuwa yanapanda mlima. Binamu alitandaza vizibo vingi hivi kwamba mama aliacha kazi yake akaja kutazama.

Mpango tuliufanya sote. Kaka angesimama ndani ya lango, mahali ambapo jitu moja tu linaweza kupita kwa wakati mmoja. Tata angewavusha raia na majeruhi. Mimi ningengoja ng'ambo ya daraja na kisu, na wa mwisho akishavuka, nikate kamba.

Kaka alisimama langoni kwa muda ambao hatukutarajia. Kila alipotupa dadu alikuwa anajishika plasta kana kwamba mguu ndio uliokuwa unapigana. Punje za mahindi zikavuka, moja moja, kwa mkono wa Tata. Zilipobaki chache, kaka alitupa ile dadu nyekundu ikaonyesha moja. Binamu akasema, "Rungu limekupata kichwani. Umeanguka. Bado unapumua, lakini si kwa muda mrefu."

Vizibo vikasogezwa. Raia wa mwisho akavuka. Binamu akanigeukia. "Majitu yanaingia mjini. Kamba iko mbele yako. Unafanya nini?"

Najua jinsi inavyosikika, mtu mzima kueleza kwamba aliogopa kwa sababu ya maharage na vizibo. Niliogopa. Mpango ulikuwa wazi na raia wote walikuwa nyuma yangu.

"Usikate," Tata akasema.

Alikuwa ameshaichukua punje yake, ile ya njugu tuliyompa iwe tabibu, na anairudisha juu ya daraja.

"Mjomba," binamu akasema taratibu, "ukirudi mnaweza kufa wote wawili."

"Nimesikia."

"Na majeruhi wako?"

"Wameshavuka. Huyu hajavuka."

Alifika langoni. Alikuwa amebakiwa na dawa moja. Akatupa dadu, na dawa ikakataa. Hivyo tu. Binamu alitazama kitabu, akapekua, akatazama tena, nadhani akitafuta kanuni ya kutuhurumia. Haikuwepo.

"Basi nambeba," Tata akasema.

"Tabibu wako hana nguvu hizo."

"Nipe niitupe hiyo dadu."

Hapo kaka akasema, kwa sauti ndogo, "Niache. Vuka wewe." Alikuwa anasema kama mtu wake wa mchezoni. Nadhani alikuwa anasema hivyo.

Tata akainua uso akamtazama. Usoni kabisa, mwanawe, bila mama katikati. "Nyamaza," akasema. "Nikuache wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nakumbuka nilisikia mama akivuta pumzi. Binamu yangu, ambaye wakati ule alikuwa kijana mvivu asiyejua kushika jembe, alikuwa na akili ya kutobisha tena. Alimsogezea Tata dadu nyekundu. Tata akaitupa. Ikazunguka kwenye ngozi, ikagonga plasta ya kaka, ikasimama kwenye kumi na sita.

"Umemwinua," binamu akasema.

Akambeba hadi darajani, akitupa dadu na kusonga, akitupa na kusonga. Jiwe la jitu lilimpata njiani likamng'oa sikio. Wakavuka. Nikakata kamba. Mji tuliupoteza, lakini watu wake wote walikuwa hai upande wetu wa korongo, na mimi nilikuwa nalia bila aibu yoyote.

Nilitegemea baada ya hapo kuwe kimya. Badala yake Tata na kaka wakaanza kugombana.

"Nani alikufundisha kusimama peke yako mahali pembamba hivyo?" Tata akauliza.

"Ningesimama wapi, tata? Nje wangenizunguka."

"Ungerudi hatua mbili. Ungeniita."

"Ulikuwa ng'ambo!"

"Ningesikia!"

Waligombana kuhusu lango lile hadi ng'ombe walipofika nyumbani, na hata wakati wa kukamua waliendelea, kaka kwenye kigoda na mkongojo wake, Tata na kibuyu. Mama aliniambia nisiwakatize kwa chakula. Ugali ulipoa na yeye akawa anatabasamu jikoni peke yake.

Nilipokwenda kuwaita hatimaye, maneno yalikuwa yamebadilika. Tata alikuwa anauliza, "Na kule shimoni, ulipoanguka, ulikuwa peke yako?" Kaka akamwambia yote: kipandio cha ngazi kilivyovunjika, giza, jinsi alivyopiga kelele mpaka sauti ikaisha, wenzake walivyomtoa kwa kamba. Sisi wengine hakuwahi kutueleza. Tata alisikiliza akiwa ameshika kibuyu cha maziwa kifuani. Akasema, "Pole, mura." Mura ni neno letu la kumwita kijana wa kiume, mwanamume wa kutegemewa. Nikarudi jikoni bila kuwaita.

Chuo kilifunguliwa, binamu akaondoka na dadu zake. Hadithi yetu iliishia kwenye kambi ya wakimbizi wa mji ule, na hatukuwahi kujua majitu yalitoka wapi. Kaka alipona akabaki anachechemea. Alirudi Nyamongo msimu mmoja, Tata mwenyewe akimsindikiza hadi barabarani, kisha akaja kufuga, na leo ana ng'ombe kule Nyansurura. Tata aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wageni waliokuja kumwamkia walisimuliwa jinsi alivyopoteza sikio vitani, na wengi waliondoka wakimtazama masikio yote mawili kwa mashaka.

Baada ya kumzika Tata nilimpigia binamu simu. Yuko Kisumu sasa, mtu wa ofisi na wajukuu. Nilimwambia nilitaka kumshukuru kwa siku ile ya lango.

"Lango gani?" akauliza.

Nikamweleza. Akacheka kwa aibu. "Walai sikumbuki. Nilicheza hizo michezo na watu wengi sana. Kwenu nakumbuka maziwa ya mgando tu, na vile mjomba alinifukuza shambani nikikata mahindi nikidhani ni magugu."

Sikuumia hata kidogo. Nilimsimulia vita vyote tangu mwanzo, naye akawa anauliza maswali kama mtoto: halafu ikawaje, halafu dadu ikasema ngapi. Nilipofika mahali Tata alipogeuka darajani, aliniomba nirudie hapo. Salio la simu lilikaribia kuisha, nikamwambia asante, naye akasema asante wewe.