Jina la Marlys Kwenye Hati

Dennis Vandermolen alitengeneza viti miaka thelathini na minane katika kiwanda kimoja cha Grand Rapids, Michigan, na kwa muda wote huo alimdanganya mkewe mara moja tu. Ila alichagua jambo kubwa.

Mwaka 2009 paa lilivuja, naye akachukua ule mkopo wa wazee: hulipi kitu maadamu unaishi ndani, ukifa nyumba ndiyo inayolipa. Sharti uwe na miaka sitini na miwili. Yeye alikuwa na sabini. Mkewe Marlys, hamsini na saba. Wakala akashauri jina la mke litolewe kwenye hati. Kabla ya hapo ilibidi mshauri wa mikopo awapigie simu, awaeleze wote wawili hatari zake. Dennis akaipanga Jumatano jioni, saa ambayo Marlys huwa kwenye mazoezi ya kwaya. Karatasi zilipokuja, Marlys alisaini bila kusoma, kwa kuwa mumewe alikuwa ameshasoma.

Novemba 2013 Dennis alirudi kutoka hospitali, akamkuta Marlys anakoroga supu ya njegere.

"Daktari kasemaje?"

"Moyo umechoka."

"Hata wangu umechoka, na sijalipa mtu aniambie." Kisha akamtazama. "Umechoka kiasi gani?"

"Marlys, nikifa benki wanachukua nyumba. Jina lako halimo. Nililitoa."

Mwiko ukasimama.

"Na yule mshauri hakuuliza mke yuko wapi?"

"Aliuliza mara mbili. Nikasema unaumwa kichwa."

"Basi sasa kinauma."

Hakulia, ingawa Dennis angeshukuru kama angelia. Alipiga simu benki mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho. Mkopo mpya wenye majina yote mawili uliwezekana, akishatimiza sitini na miwili mwezi Machi, na mume akiwa hai siku ya kusaini.

Asubuhi yake theluji ilikuwa imefika magotini. Dennis akachukua koleo.

"Weka chini."

"Ni theluji tu, mama."

"Weka chini, wewe mwanaume! Ukitaka kufa, subiri Aprili."

Akatoka yeye. Dennis alikaa dirishani akimwangalia akichota, akisimama kushika kiuno, akichota tena. Aligonga kioo amwambie apumzike. Marlys hakugeuka.

Akagonga tena. Halafu akaacha, akaenda kumeza vidonge vyake, vyote vinne, kwa maji glasi nzima, kama alivyoandikiwa.