Kipande Alichokikata Mista Edwin

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, na jana imenirudia nilipokuona unazunguka harusini na kamera yako. Ni siku aliyoniomba mkasi Mista Edwin, Mwingereza mtengeneza filamu, hapa hapa Ibra, Oman. Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumerudi kutoka Unguja, na Kiingereza changu cha skuli kikanipatia kazi ya ukalimani.

Mista Edwin alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Njiani kati ya Nizwa na Ibra, gari likiturusha, alinihadithia maisha yake kidogo kidogo. Alianza ujana wake studio akiwapelekea mafundi chai, akapandishwa kuunganisha vipande vya filamu, mwisho akawa mwongozaji mwenyewe. Filamu zake zilijaza majumba ya sinema. Kisha moja ikaanguka, ikafuata nyingine, na simu yake ikanyamaza. Kazi hii ya kuonyesha maisha ya miji yetu ndiyo aliyoitegemea imrudishie jina lake.

Alisema filamu haitakuwa na roho bila kahawa ya asubuhi ya wanawake. Na wewe unajua, mwanamme haingii pale. Basi akanifundisha mimi kushika kamera, naye akakaa sablani, kwenye baraza la wanaume, anakula tende na kusubiri. Mtu aliyezoea kuamrisha kila kitu, amekaa hajui ninachopiga. Nilimpenda kwa hilo.

Shangazi yangu, Bi Zuwena, alikubali kupigwa akiwa na barakoa yake usoni, kama wavaavyo mabibi wa Sharqiyah, mkoa wetu huu. Lakini mazungumzo yalinoga, akacheka mpaka machozi, akaivua ajifute. Kamera ilikuwa inakwenda.

Filamu ilipelekwa London kusafishwa, na iliporudi tukaitazama ofisini Nizwa. Uso wa shangazi ulipotokea unacheka, Mista Edwin alisimama.

"Hii nimeitafuta maisha yangu yote," akasema. "Tumuulize mwenyewe."

Mimi nikaona anajitafutia balaa. Nikamwambia shangazi alishakubali, na huko Ulaya nani anamjua? Yeye alikuwa keshaanza kufunga mizigo.

Ibra tukaziba madirisha kwa mablanketi, nikawaonyesha wanawake peke yao. Walicheka wote isipokuwa shangazi.

"Yule Mzungu keshauona uso wangu, na hakukusudia, Allah amsamehe," alisema. "Lakini huyo ni mimi wa ndani, mwanangu. Wa ndani hatoki. Mwambie, tafadhali."

Nilimpelekea Mista Edwin jibu huku roho inaniuma, maana nilijua anachokipoteza. Akaomba mkasi. Akakikata kile kipande mbele yangu, akanipa nimpelekee shangazi, akaahidi kwamba na London haitabaki nakala, kisha akanieleza jambo ambalo hakunieleza njiani.

"Mama yangu alipougua nilimpiga filamu kitandani. Akanikataza nisiionyeshe. Nikaionyesha, na ndiyo iliyonipa jina. Aliishi muda baada ya hapo, lakini hakuniita mwanangu tena."

Filamu yetu ilionyeshwa, ikasifiwa kwa adabu, ikasahauliwa. Nasikia hakupewa nyingine. Hilo lilinihuzunisha sana, na mpaka leo linanihuzunisha.

Kile kipande shangazi alikiweka kwenye kasha lake la udi. Alipozeeka na macho yakawa mazito, aliniomba nimshikie dirishani penye mwanga. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Nilicheka vizuri siku ile," akasema. "Na yule Mzungu, mamake alimlea."

Habari ya mama yule sikumwambia.

Basi mwanangu, kamera sikukatazi. Piga, na upige vizuri. Lakini mtu akikwambia hii isitoke, usimtafutie hoja kama nilivyotafuta mimi, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote ulizonazo. Iache, na uiache bila kununa. Jana bibi yako alijifunika uso ulipopita, nawe ukazidi kumsogelea. Nenda kamuulize leo, kabla hujamtumia mtu yeyote.

Mungu akupe jicho la kuona, akupe na mkono mwepesi wa kuacha, na mama yako asichoke kukuita mwanangu. Amin.