Kitanda cha Mama na Landrova ya Baba

Kijana wa jirani anafungua gia boksi ya pikipiki yake hapa nje, na harufu ya oili kuukuu iliyochanganyika na mafuta ya taa imenifikia hadi chumbani.

Nilipokuwa mtoto, hiyo ilikuwa harufu ya kitanda cha mama. Baba alikuwa ameshusha injini, gia boksi na klachi ya Landrova yake ya zamani, na kwa kuogopa vumbi la kiangazi alipanga vipuri kitandani. Mama akahamia kwenye mkeka, miguu yake imevimba.

“Mke mwenzangu ana bahati,” alicheka. “Yeye kwenye godoro, mimi chini.”

“Vumilia, mama watoto,” baba alisema. “Nikimaliza kumfunga, ndiye atakayekupeleka hospitali.”

“Si tufunge ng'ombe tu? Mkokoteni upo.”

“Mke wangu abebwe kama robota la pamba? Watanicheka.”

Mama akanigeukia. “Ng'wanawane, mwanangu, wewe unasemaje?”

Nikasema tungoje gari. Nilitaka kukaa mbele.

Tulingoja. Hali ilipomzidia, jirani alimpeleka kwa mkokoteni wake, na baba akabaki akikaza boliti, akiapa kwamba angewafuata.

Siku chache baadaye injini iliwaka, baada ya gari kuvutwa na maksai wetu. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya kumleta mama nyumbani, tumzike. Nilikaa mbele. Njia nzima gia ziliingia laini, na baba hakuzisifia.