Usiku Niliosoma Habari Nimesimama

Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera, Bi Hawo aliniinua kitini mara nne. Yeye alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika kituo kidogo cha televisheni tulichokuwa nacho Garsen, mji wa kando ya mto.

"Umekaa kama mtu anayengoja kunyolewa," aliniambia. "Shusha mabega. Mikono juu ya meza. Sasa itazame kamera kama mtu anayekuletea chai."

"Chai yenyewe iko wapi, Bi Hawo?"

"Soma vizuri, utaiona."

Nyinyi vijana mnaosoma habari kwenye simu mnakimbiza maneno kama mnada wa mbuzi. Siwalaumu, hamkufunzwa. Mimi mwenyewe nilitoka mnadani. Niliacha shule darasa la sita, nikawa mwita bei sokoni, na kituo kikanichukua kwa ajili ya koo langu. Nilianzia tawi la Madogo, kukunja nyaya na kutangaza ng'ombe waliopotea. Msomaji wa usiku wa Garsen alipokwenda Mombasa asirudi, nikahamishwa kushika kiti chake.

Kusoma kulinitoa jasho. Kuna kioo mbele ya kamera kinachopandisha maandishi ili msomaji asiiname, mimi kilinikimbia. Kwa hiyo kabla ya kila taarifa Bi Hawo alinisomea habari zote pembeni, nami nikazishika kichwani. Mbele ya kamera nilikwenda pole pole kwa kuogopa kuanguka. Watu wakadhani ni heshima. Baada ya muda ikawa heshima kweli.

Usiku una adabu yake. Hutakiwi kutabasamu sana, maana anayekutazama saa saba pengine anauguza. Hupazi sauti, watoto wamelala. Ukishataja msiba hukimbilii karatasi inayofuata, unabaki na mtazamaji kidogo, kama vile ungebaki na mfiwa mlangoni. Waliotutazama walikuwa walinzi, madereva wa malori, na wakulima waliotoka kulinda mpunga dhidi ya viboko wakaingia hotelini kupata kitu cha moto. Juu nilivaa koti na tai. Chini ya meza nilivaa kikoi, kwa sababu joto la studio ile lilikuwa la tanuri, na chini ya meza hapaonekani.

Lakini jambo kubwa lilikuwa kiti. Bi Hawo ni wa wafugaji, mimi ni wa mashamba ya mtoni. Siku moja aliniuliza, "Kwenu mtu akileta habari mbaya, hukaa?"

"Hakai. Huisema amesimama, kiti baadaye."

"Hata kwetu. Basi ukionekana umekaa, nyumba nzima imejua hakuna jambo kabla hujafungua mdomo. Usicheze na kiti."

Kisha tukaletewa mhariri mkuu, Samsoni Karisa. Namtaja jina, kwa sababu yeye hupenda kutaja ya wenzake. Alitaka meno. "Tabasamu, bwana. Televisheni si matanga," alikuwa akisema, huku akinionyesha yake.

Mvua zilikuwa zimenyesha bara. Jioni moja mzee anayesoma kipimo cha mto alikuja studio mwenyewe, amelowa mpaka kiunoni. Alisema maji yameipita alama ya mwisho, na kabla ya kupambazuka yatakuwa yameingia mashambani. Ng'ambo ya mto, upande wa chini, ndiko alikokuwa mama yangu. Nilimpigia simu. Mtandao ulikuwa umekufa kule tangu adhuhuri, na kivuko kilishafungwa.

Bi Hawo aliiandika habari ile akaiweka ya kwanza. Karisa akaifuta.

"Kesho mheshimiwa anafungua soko ng'ambo," alisema. "Wageni wanatoka mbali. Hatuwezi kutisha watu kwa ajili ya mzee mmoja na fimbo yake." Akaandika mwenyewe: hali ya mto ni shwari. Bi Hawo alipobisha, alimwambia aende nyumbani, akakaa mahali pake, mkono kwenye swichi ya sauti. "Neno moja nje ya karatasi, nakukata."

"Mama yangu yuko kule," nikamwambia.

"Basi msomee vizuri alale."

Maneno hayo sijayasahau, wala sina nia ya kuyasahau.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Nikasalimu. Nikasoma habari ya kwanza na ya pili, nimekaa kama nilivyofunzwa. Nilipofika ya mto, nikasimama. Waya wa kipaza sauti ukanivuta kifuani, na kwenye skrini pembeni nikaona picha imenikata shingoni, na kikoi changu chote hadharani. Guyo, fundi wa kamera, hakuulizwa wala hakuuliza. Aliinua kamera mpaka ikanipata uso.

Nikasoma pole pole: "Hali ya mto ni shwari." Mikono imeshuka, macho kwenye kioo. Nikanyamaza kidogo, kama unavyonyamaza kwa mfiwa.

Karisa hakuweza kukata sauti. Maneno yalikuwa yake. Alinipigia kelele kwenye kile kidude cha sikioni, "Keti. Keti, mjinga wewe." Nikamaliza taarifa yote nimesimama.

Alinifukuza kazi mlangoni, poda bado usoni. Nilitembea mpaka kivukoni, nikakaa kwenye tope nikitazama upande wa pili, na sikuona kitu isipokuwa maji yakipanda. Kisha nikasikia madebe. Ni yale wakulima wanayopiga kufukuza viboko, lakini usiku ule yalipigwa kijiji baada ya kijiji, yakielekea juu, mbali na mto.

Siku ya pili nilipata mashua ya kunizungusha. Mama nilimkuta kwenye mwinuko upande wa Tarasaa, amekalia sufuria, kuku wawili mapajani. Jirani yake Buya, aliyekuwa hotelini usiku ule, ndiye aliyenisimulia.

"Kuna mmoja alicheka kikoi chako. Halafu akanyamaza. Mwenye hoteli akasema, huyu anasema shwari na amesimama? Tukachukua madebe."

Mama alinitazama juu mpaka chini. "Umenitia haya mbele ya majirani," alisema. "Mtu mzima, na kikoi." Kisha akanishika mkono, hakuuachia mpaka jioni.

Mto ulichukua nyumba, mpunga na lile soko jipya. Mtu wa kijiji chetu haukumchukua hata mmoja. Karisa alisema baadaye kwamba kituo chake kilitoa onyo mapema, na alipostaafu alikatiwa keki. Mimi sikusoma habari tena, hapo wala pengine. Zamani jambo hilo lilininyima usingizi. Siku hizi nalala usiku kucha, nikiamka mto uko mahali pake, na nafsi yangu vilevile.

Mama sasa anakaa Tarasaa. Nikifika kwake hanisalimu. Husimama mlangoni kunitazama, nami najua anachongoja, kwa hiyo navuta kigoda upesi na kukaa. Hapo ndipo anapumua.

"Haya," husema. "Chai hiyo."