Mafuta ya Sangara

Teodora Masalu huunda vigari vya mbao vya watoto huko Buswelu, na beringi za magurudumu huzipaka mafuta ya sangara badala ya grisi. Siku ile alipaka mengi mno. Mjukuu wake Limi alipopanda tu, kigari kiliruka jiwe lililokizuia, kikashika mteremko kuelekea barabara ya malori.

“Bibi, hakisimami!”

“Vuta kamba ya kulia!” Teodora alikimbia, kandambili zikimvuka. “Mkono wa kushikia ugali, Limi! Vuta!”

Kigari kikapinda, kikazama kwenye lundo la pumba nje ya mashine ya mpunga. Limi akaibuka, pumba hadi kwenye kope.

“Bibi, tena!”

“Tena nini, wewe!”

Teodora alichota mchanga, akaanza kusugua beringi kuyapunguza mafuta.